Paka haina kapita

Mu lupango ya mtu wa mgodi karibu kila kitu kina saa yake. Baba anaamka saa kumi ya usiku juu ya kupata bisi ya poste ya asubuhi. Watoto wanaenda masomo saa moja. Mama anajua siku gani unga utaisha na siku gani mshahara utaingia. Paka peke yake njo haina saa. Unamwita, anakuangalia kidogo, halafu anafunga macho. Unamfukuza mu jikoni, anatoka polepole sawa mtu aliyekuwa tayari anataka kutoka. Unafunga mlango juu asizunguke usiku; asubuhi unamkuta nje, juu ya ukuta, analamba mguu.

Ku kazi, kapita mmoja anasimamia watu 20 ao 30, na kila mmoja anajua nafasi yake. Kapita huyo huyo akirudi ku nyumba, paka ya kilo tatu inamushinda. "Ule paka haina na bwana," mama anasema. Jirani aliyepoteza vifaranga wawili anasema maneno makali kuliko hayo.

Tunacheka, lakini kuna jambo kubwa ndani yake. Nyumba iliyoshindwa kuishi na paka inamfukuza, na nyuma yake panya wanaingia mu unga. Panya wakiingia, watu wananunua sumu ku soko, wanaiweka chini ya kitanda ao nyuma ya mfuko, mahali mtoto wa miaka miwili anaweza kufika mbele ya panya. Kwa hiyo kujua namna ya kutawala paka ni kulinda unga na kulinda watoto. Na paka hatawaliwi kwa amri. Anayemweza ni yule anayepanga chakula, jikoni, mlango na saa, kisha anamwacha paka achague mu yale yaliyopangwa.

UNGA NJO ULIMLETA

Mbwa aliingia mu maisha ya watu akitoka kwa nyama wa kundi, wanaowinda pamoja. Vizazi na vizazi watu walimchagua: yule anayesikia alilishwa, asiyesikia alifukuzwa. Paka alipita njia ingine. Mababu yake ni paka wa pori, nyama anayewinda peke yake. Paka huyo wa pori anaishi mpaka leo mu savana za Afrika. Ukimwona, utafikiri ni paka wa nyumbani wa rangi ya majivu, mwenye miguu mirefu kidogo. Mwaka 2007 wataalamu waliochunguza DNA ya paka karibu 1,000 walieleza kwamba paka wa nyumbani wanatoka kwa ukoo wa paka wa pori wa Mashariki ya Kati.

Kilichomsogeza karibu na watu ni ghala. Watu walipoanza kulima ngano na shayiri na kuweka mavuno mu nyumba, panya walifuata nafaka, na paka akafuata panya. Ku kisiwa cha Kupro wataalamu walitangaza mu mwaka 2004 kaburi la miaka karibu 9,500: mtu amelazwa, na sentimeta 40 pembeni yake amelazwa paka. Urafiki wetu ni wa zamani basi, lakini ulijengwa kwa mapatano mepesi: wewe una nafaka, mimi nakamata panya. Mu mapatano hayo hamkuwa amri.

Watu wa Katanga wanafahamu jambo hili bila kulisoma. Wazee waliofanya kazi ku Union Minière, na nyuma ya mwaka 1967 ku Gécamines, wanakumbuka posho, unga wa mahindi uliotolewa kwa mfanyakazi na jamaa yake. Mahali unga unafika, panya anajua mbele ya jirani. Leo wengi wananunua mfuko wao wenyewe na kuuegemeza ku ukuta. Mfuko uliotobolewa haupotezi tu ule unga uliokuliwa. Mkojo wa panya unaharibu unaobaki, na mkojo huo unaweza kubeba leptospirose, ugonjwa wa homa unaoshika maini na figo. Tangu zamani ugonjwa huo unajulikana kati ya wachimba madini na wasafishaji wa mifereji, juu wanasimama mu maji machafu wakiwa na vidonda vidogo ku mikono na miguu.

ANASIKIA, LAKINI HAAMUKI

Watu wengi wanasema paka haijui jina lake. Si kweli. Ku Japani, bibi mtaalamu Atsuko Saito na wenzake walifanya majaribio mawili yaliyosikika duniani. Mu mwaka 2013 walisikilizisha paka sauti za wageni, kisha sauti ya bwana wa nyumba. Paka waliitambua sauti ya bwana: waligeuza masikio, wakageuza kichwa. Lakini karibu wote walibaki pale pale walipolala. Mu mwaka 2019 wakaonyesha kwamba paka anatofautisha jina lake na maneno mengine yanayofanana nalo.

Hivi paka anakusikia vizuri sana. Masikio yake yanapita ya mtu: sisi tunafikia hertz 20,000, yeye anapita 60,000, njo maana anasikia panya anayelia ndani ya ukuta wakati sisi tunasikia kimya tu. Akisikia jina lake, anapima kama kuna faida ya kuamka.

Kama ni hivyo, fimbo haisaidii. Paka aliyepigwa haunganishi fimbo na samaki aliyekula nusu saa mbele. Anaunganisha fimbo na wewe. Kesho ataiba tena, ila atangojea utoke. Mwenye akili anageuza hesabu: anamwita kwa neno moja, kila siku lile lile, ao anagonga sahani mara mbili, na kila akija anapata kitu kidogo. Neno lile lisitumiwe kamwe kwa kumfukuza ao kumkamata juu ya kumwogesha. Nyuma ya muda mfupi paka anayesemwa kuwa na kiburi atakuja mbio.

Na mtu asione haya kama bado anashindwa. Ku Uingereza, ndani ya nyumba namba 10 ya Downing Street, makao ya waziri wa kwanza, paka Larry aliingizwa Februari 2011 juu ya kukamata panya, akapewa na cheo cha kazi hiyo. Magazeti yalimcheka juu ya kulala sana. Toka David Cameron mpaka Keir Starmer, mawaziri wa kwanza sita wamefanya kazi mu nyumba ile, na Larry hakupokea amri ya hata mmoja. Polisi wa mlango njo wanamfungulia akitaka kuingia.

SAA YA PAKA NA SAA YA POSTE

Paka analala saa 12 mpaka 16 mu siku moja. Anaamka zaidi jua linapozama na mbele ya kupambazuka, juu ni saa za panya kutembea. Kwa baba wa poste ya usiku hiyo ni bahati: anarudi asubuhi, anataka kulala, na paka pia anataka kulala. Shida ni kwa yule wa poste ya asubuhi, anayeamshwa saa nane ya usiku na kilio cha paka ku mlango.

Dawa yake ni mazoea. Mu pori paka anawinda, anakula, anajisafisha, analala. Tumfuatishe njia hiyo. Jioni, mtoto afunge kipande cha kitambaa ku kamba na kumkimbiza paka nacho kwa dakika kumi. Kisha paka apate chakula chake kikubwa cha siku. Atajilamba, atalala. Asubuhi asilishwe mtu anapoamka, alishwe nyuma ya kuwasha mbabula. Kosa kubwa ni kuamka usiku na kumpa kitu juu anyamaze. Ukifanya hivyo mara moja, umemfundisha kwamba kilio kinaleta samaki.

NDAGALA MU SAHANI

Kuna wazee wanaoshauri: mnyime paka chakula, njaa itamfanya akamate panya. Ushauri huo unaharibu nyumba. Kwa paka, hamu ya kuwinda na njaa ni vitu viwili. Paka aliyeshiba anawinda bado. Mwenye njaa anawinda pia, lakini kwanza anajaribu mahali pepesi, maana yake sufuria yako na ya jirani.

Tena bukari peke yake haimtoshi. Paka ni nyama wa kula nyama. Ndani ya nyama na samaki kuna kitu kinachoitwa taurine, ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha. Akikikosa muda mrefu, macho yanaharibika mpaka upofu, na moyo unalegea. Si lazima kununua chakula cha duka. Kichwa cha samaki kilichopikwa bila mifupa mikali, ndagala kidogo, matumbo ya kuku yaliyochemshwa, vinachanganywa na bukari kidogo. Bitoyo asipewe juu ya chumvi mingi. Mabaki ya mchuzi wenye kitunguu asipewe pia: kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu yake. Hata maziwa, paka wengi wakubwa wanaharisha wakiyanywa. Maji safi yanatosha.

Kisha jikoni ifungwe. Kifuniko chepesi hakimzuii, kiwekewe jiwe. Samaki wa kukauka wakae mu chombo chenye kufunga. Meza ipanguswe nyuma ya kula. Paka akipanda ku meza mara kumi bila kupata kitu, mara ya kumi na moja hatakuwa na sababu ya kupanda. Ila akipata kipande kimoja mu zile mara kumi, ataendelea mwaka mzima.

KUKU YA JIRANI

Paka hajui mpaka wa lupango. Dume asiyehasiwa anatembea mbali akitafuta jike, anapigana, anarudi na masikio yamepasuka, ananyunyizia mkojo ku milango juu ya kuonyesha kwamba pale ni kwake. Jike anaweza kupata mimba hata mbele ya kutimiza miezi sita. Anabeba miezi miwili na siku chache, halafu anazaa mu kabati, juu ya nguo za kanisa. Mwaka haujaisha, paka mmoja amekuwa kumi, na watoto wake wanatupwa ku jalala.

Operesheni ya kuzuia uzazi, ikifanywa na munganga wa wanyama, inapunguza mizunguko, vita na harufu. Kweli, inaomba pesa, na si kila mji una munganga huyo karibu. Asiyeweza, amfungie paka ndani toka jioni: chakula cha jioni kitolewe ndani, kisha mlango na dirisha vifungwe. Mwenye vifaranga naye awaweke mu kizimba chenye waya mpaka wakue kidogo, juu hata paka asiye wa jirani atapita. Na kama umejua wazi kwamba paka yako ndiye alikula, nenda ukalipe. Kifaranga kimoja ni bei ndogo kuliko ugomvi wa mwaka mzima kati ya majirani wanaochota maji ku robine moja.

Anayetaka paka wa kushikika aanze mapema. Mtoto wa paka aliyezoeshwa mikono ya watu kati ya juma la pili na la saba la maisha yake anakuwa mpole. Aliyekua bila kuguswa atabaki mwoga. Lakini asiondolewe kwa mama yake mbele ya majuma nane.

PAKA AO SUMU

Nyumba ichague moja. Panya aliyekula sumu hafi palepale mara nyingi. Anatembea akilegea, na paka anamkamata kwa upesi sababu hana nguvu. Hivyo sumu inapita kwa paka. Wiki ingine paka amekufa, panya wamebaki, na kile kipakiti kiko bado pale chini mtoto anapotambaa.

Lakini paka naye asidaiwe kazi ya watu wote. Anaweza sana panya wadogo. Wale wakubwa wa mifereji anawaogopa. Ku New York wataalamu walitega kamera mu jengo moja lililojaa panya wakubwa, wakatangaza matokeo mwaka 2018: mu siku 79 paka wa pale walishambulia mara tatu tu, wakaua wawili. Kwa hiyo mfuko wa unga upandishwe juu ya mbao, ao unga umwagwe mu pipa lenye kifuniko. Matundu ya ukuta yazibwe kwa sementi. Takataka zisilale ku lupango. Hapo paka anakuwa mlinzi wa mwisho, na kazi yake inawezekana.

MENO, MIMBA NA MAVUMBI

Wazimu wa mbwa, yaani rage, mara nyingi sana unaletwa na mbwa, lakini paka pia anaweza kuupata na kuuambukiza. Paka mpole akigeuka ghafla mkali, anatoa mate, anashambulia bila sababu, asishikwe. Mtu aliyeumwa asafishe kidonda palepale kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, kisha aende ku hospitali siku ile ile juu ya chanjo. Asingojee aone dalili: dalili zikitokea, munganga hana tena namna ya kumponya. Kwa paka kuna chanjo, na ni rahisi kuliko matanga.

Mama mwenye mimba hana lazima ya kufukuza paka. Mavi ya paka yanaweza kubeba ugonjwa wa toxoplasmose, unaodhuru mtoto tumboni, lakini vijidudu vyake vinaomba siku moja ao zaidi mbele ya kuwa na hatari. Mtu mwingine atoe mavi kila siku; mama anawe mikono, aoshe mboga vizuri, apike nyama mpaka iive.

Kwa jamaa za wachimbaji kuna neno lingine. Paka anajilamba mwili mzima. Akilala juu ya nguo za kazi ao mifuko ya mawe ya madini, anabeba mavumbi ku manyoya, mengine anayameza, mengine anayapeleka ku kitanda cha watoto. Nguo za kazi ziwekwe mbali, na mchanga wa karto yake usichukuliwe ku marundo ya mgodi. Tena, paka akiwa na homa, asipewe paracétamol ya watu. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

KAMA NI NYEUSI

Bado kuna usiku ambao watu wanaona macho mawili yakiwaka juu ya malata, na asubuhi maneno yanaanza: ule paka ni wa mulozi. Macho yanawaka juu nyuma yake kuna ngozi inayorudisha mwanga, sawa kioo; kwa njia hiyo anaona mu giza kidogo. Rangi nyeusi anaizaliwa nayo. Anatembea usiku juu panya wanatembea usiku.

Hatari si kwa paka tu. Mara ingine kidole kinatoka kwa paka na kuelekea kwa mzee anayeishi peke yake, ao kwa mtoto anayependa kulala na paka yule. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaazibu anayemshitaki mtoto ulozi. Baba na mama wakumbuke sheria hiyo siku jirani atakapoleta maneno.

Mwisho wa hesabu, nyumba itakayopatana na paka ni ile inayojua nini ya kuomba kwake. Tumwombe atembee pembeni ya mfuko wa unga usiku, aache harufu yake pale, akamate anayeweza kumkamata. Hayo atafanya bila kusukumwa. Kuja akiitwa, kulala mahali alipoonyeshwa, kuacha samaki aliyewekwa wazi: hayo yanategemea sisi, sahani yetu na kifuniko chetu. Jioni ya leo, mbele ya kulala, mama aangalie kama jiwe liko juu ya sufuria, baba apandishe mfuko juu ya mbao, na kipakiti cha sumu kitoke mu nyumba.